Mji Mdogo Uliopokea Ndege 38

Watu wakitaja tarehe 11 Septemba 2001, mara moja wanakumbuka moto na moshi katika mji wa New York. Ni haki wakumbuke hivyo. Siku ile watu 2,977 waliuawa katika inchi ya Marekani kwa muda wa saa chache tu. Lakini siku ileile maelfu ya watu wengine walikuwa juu angani, kati ya Ulaya na Marekani, wasijue neno lo lote la mambo yaliyokuwa yakitokea chini. Hao hawakufa. Walishushwa mahali wasipopajua, wakakaa pale siku kadhaa bila mizigo yao, na wengi wao bila habari za jamaa zao. Makumbusho yao ni sehemu ya historia ya siku ile. Tunataka kuyaeleza hapa, maana yana fundisho kwa kila mtu aliyepata kusikia hodi mlangoni pake, akafungua, akamwona mgeni asiyemjua.

Siku yenyewe

Wauaji walikuwa 19, watu wa kundi liitwalo al-Qaeda. Kundi hilo lilikuwa limekwisha kuliza watu katika Afrika yetu. Tarehe 7 Agosti 1998 lililipua nyumba za ubalozi wa Marekani kule Nairobi na Dar es Salaam. Watu 224 walikufa, na walio wengi sana walikuwa wenyeji wa Kenya, watu wa kazi na wapita njia.

Miaka mitatu baadaye, asubuhi ya Jumanne, waliteka ndege nne za abiria. Saa mbili na dakika 46 ndege ya kwanza iligonga mnara mmoja wa World Trade Center. Minara hiyo ilikuwa miwili, kila mmoja wenye orofa 110. Saa tatu na dakika 3 ndege ya pili ikagonga mnara wa pili. Ndege ya tatu iligonga Pentagon, nyumba ya wakuu wa jeshi karibu na Washington. Ya nne ilianguka shambani huko Pennsylvania, kwa kuwa abiria wenyewe walishindana na watekaji. Kisha minara yote miwili ikaporomoka. Wazima-moto 343 wa mji wa New York walikufa: walikuwa wamepanda ngazi kwenda kuwaokoa wengine.

Saa tatu na dakika 45 hivi, wakuu wa safari za ndege wa Marekani walitoa amri ambayo haikuwa imetolewa hata siku moja: kila ndege ishuke upesi katika kiwanja kilicho karibu nayo. Ndege zaidi ya 4,000 zilikuwa angani. Na zile zilizotoka ng'ambo ya bahari zilikatazwa kabisa kuingia katika anga ya Marekani. Zilizokuwa hazijafika katikati ya bahari ya Atlantiki ziligeuka, zikarudi Ulaya. Lakini zilizokwisha kupita katikati hazikuweza kurudi, maana petroli isingetosha. Basi, ziende wapi?

Kanada yafungua mlango

Jirani wa kaskazini, Kanada, ndiye aliyejibu. Serikali yake ilikubali kuzipokea. Ndege zaidi ya 200 zilishuka katika viwanja 17 vya inchi hiyo, zikiwa na watu zaidi ya 33,000.

Tusidhani kwamba lilikuwa neno jepesi. Saa ile hakuna mtu aliyejua kama watekaji wamekwisha au kama wako wengine. Kila ndege iliyokuwa ikija ilikuwa ndege ya kutiliwa mashaka. Kwa hiyo serikali ilitaka zisikaribie miji mikubwa kama Toronto na Montreal. Nyingi zilipelekwa mashariki, pwani ya bahari, mahali penye watu wachache. Maana yake ni wazi: ikiwa hatari ipo, itawafikia kwanza watu wa vijiji na miji midogo. Halifax ilipokea ndege 47. Na mji mdogo wa Gander, katika kisiwa cha Newfoundland, ulipokea ndege 38 za abiria.

Watu wa Gander hawakufika 10,000. Wageni walioshuka kwao walikuwa zaidi ya 6,500. Fikiri, ndugu msomaji: nyumba yenye watu watatu imepokea wageni wawili bila taarifa, mchana mmoja, na sufuria bado haijawekwa motoni!

Kwa nini mji mdogo una kiwanja kikubwa?

Mtu ataulliza: mji wa namna hiyo ulipata wapi kiwanja cha kutosha ndege 38 kubwa? Jibu liko katika historia yake. Gander haukuanza kama mji wa wavuvi, ingawa kisiwa chote ni cha wavuvi. Ulizaliwa na kiwanja chake. Kazi ya kukijenga ilianza mwaka wa 1936, na ndege ya kwanza ilishuka pale mwaka wa 1938. Kisiwa hicho ndicho sehemu ya Amerika ya Kaskazini iliyo karibu na Ulaya. Wakati wa vita kuu ya pili, ndege za kivita zilizotengenezwa Marekani na Kanada zilipita Gander kwenda kuisaidia Uingereza. Kundi la kwanza, ndege saba, liliondoka pale mwezi wa Novemba 1940.

Baada ya vita zilikuja ndege za abiria. Ndege za siku zile hazikuweza kuvuka bahari kwa mara moja, ila zilishuka Gander kuchukua petroli. Mwaka wa 1959 Malkia Elizabeth II alikuja kufungua jumba jipya zuri la kupokea abiria. Lakini punde si punde zikatokea ndege za jeti zenye nguvu, zikavuka bahari bila kusimama. Gander ukabaki na njia zake ndefu za ndege na jumba lake zuri, na wageni wakawa wachache.

Tena mji huo ulikuwa umekwisha kujua msiba wa angani. Tarehe 12 Desemba 1985 ndege iliyochukua askari wa Marekani waliokuwa wakirudi kwao kwa Noeli ilianguka mara tu baada ya kuondoka Gander. Watu wote 256 walikufa. Wenyeji waliwaombolezea kama watoto wao, wakasimamisha ukumbusho mahali pale. Kwa hiyo, ndege 38 ziliposhuka mwaka wa 2001, hazikuwakuta watu wasiojua maana ya kilio cha mgeni.

Kungoja ndani ya ndege

Marubani wengi hawakuwaambia abiria ukweli wote mara moja. Waliogopa fujo. Wengine walisema kuna shida ya safari Marekani, basi. Ndege nyingine zilimwaga petroli baharini ili ziwe nyepesi za kuweza kushuka salama. Zilipotua, abiria walichungulia madirishani, wakaona ndege zimepangwa mstari kwa mstari, za makampuni ya inchi nyingi. Hapo ndipo walipotambua kwamba jambo kubwa limetokea duniani.

Hawakuruhusiwa kushuka upesi. Kila ndege ilingoja zamu yake, na abiria wake wote walipekuliwa na kuandikwa majina. Wengine walikaa ndani zaidi ya saa 24. Rubani Beverley Bass, mama aliyekuwa akiongoza ndege kutoka Paris kwenda Texas, ameeleza mara nyingi jinsi ndege yake ilivyokuwa ya 36 kutua, na jinsi abiria wake walivyongoja saa 28 hivi tangu kuondoka Paris mpaka kukanyaga udongo. Simu za mkononi zilikuwa chache siku zile, na nyingi hazikushika. Ndani ya ndege watu waligawana habari nusu nusu, na kila mmoja aliyekuwa na ndugu New York alihesabu saa kimyakimya.

Mizigo yao iliachwa ndani ya ndege, kwa ajili ya usalama. Walishuka na nguo walizovaa tu. Katika siku zilizofuata, tajiri na maskini walifanana: shati moja, viatu vilevile, na mkono wa kupokea.

Kazi ya wenyeji

Mkuu wa mji, Bwana Claude Elliott, alitangaza kwamba mji uko katika hali ya hatari, ili kila mtu ashike kazi. Basi kila mtu alishika. Wakati huo madereva wa mabasi ya mashule walikuwa katika mgomo. Waliposikia habari, waliweka mgomo wao kando, wakarudi kwenye mabasi ili kuwachukua wageni. Ugomvi wao na wakubwa wao haukuwa umekwisha, lakini waliona kwamba mgeni aliyechoka hawezi kungoja ugomvi wa wenyeji uishe.

Mashule yaligeuzwa kuwa nyumba za kulala. Makanisa ya madhehebu mbalimbali, majumba ya vyama, na vilabu vya wazee waliopigana vitani vyote vilifunguliwa. Gander haukutosha, vijiji vya jirani, Gambo, Appleton, Glenwood, Lewisporte na Norris Arm, vilipokea sehemu yao. Vyumba vya hoteli viliwekwa kwa ajili ya marubani na wasaidizi wao, ili walale vizuri na kuwa tayari kurusha ndege.

Akina mama walipika usiku kucha. Chakula kilikuwa kingi hata uwanja wa kuchezea juu ya barafu ukageuzwa kuwa ghala la baridi la kukihifadhi. Watu walileta mablanketi na mashuka kutoka vitanda vyao wenyewe, wasiulize kama yatarudi. Wauza-dawa walipiga simu kwa waganga wa inchi za mbali, wapate kujua kila mgonjwa anatumia dawa gani, wakatoa dawa bila malipo. Meza za simu ziliwekwa nje, kila mgeni aongee na jamaa zake bure. Wageni walipokuwa wakitembea barabarani, wenyeji walisimamisha motokari zao na kuwaambia waje nyumbani kuoga. Wayahudi wenye kushika sana sheria zao za chakula walipewa jiko lao. Wageni walipotaka kulipa, fedha yao ilikataliwa.

Hata wanyama hawakusahauliwa. Katika matumbo ya ndege zile kulikuwa na mbwa na paka, na pia bonobo wawili waliokuwa wakipelekwa katika bustani ya wanyama ya Columbus, Ohio. Wasomaji wetu wanajua kwamba bonobo huishi porini katika Kongo yetu tu, kusini ya mto mkubwa. Hawapatikani mahali pengine po pote duniani. Basi jamaa hao wa misitu yetu nao walikuwa wageni wa Gander. Mama mmoja wa chama cha kutunza wanyama aliingia akitambaa chini ya ndege, kati ya mizigo, kuwapa wanyama maji na chakula.

Furaha haikufuta kilio

Yapo makumbusho ya kuchekesha. Wenyeji wa Newfoundland wana desturi ya kumfanya mgeni kuwa mtu wa kwao: anakunywa kikombe cha romu kali, anambusu samaki mbichi mdomoni, na watu wanapiga makofi. Wasafiri wengi walimbusu yule samaki. Mwingereza mmoja na mama mmoja wa Texas, ambao hawakujuana, walikutana Gambo katika siku zile; mwaka uliofuata walioana.

Lakini tusiandike kana kwamba ilikuwa sikukuu. Watu walikaa mbele ya televisheni, wakitazama minara ikianguka tena na tena. Alikuwako mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa mzima-moto wa New York. Siku zote alingoja simu. Mama mmoja wa Gander, ambaye naye alikuwa na mwana mzima-moto, alikaa pamoja naye, akamsindikiza kanisani kuwasha mishumaa, akajaribu hata kumchekesha. Mwana hakupatikana hai. Blanketi na supu haviwezi kumrudisha mtoto wa mtu. Lakini urafiki wa wale mama wawili haukukatika baada ya safari, na yule aliyefiwa hakusahau ni nani aliyeketi karibu naye alipokuwa hajui kama yeye bado ni mama wa mtu aliye hai.

Tena mashaka yalikuwapo. Katika siku zile, mahali pengi duniani, mtu mwenye jina la Kiislamu au sura ya Kiarabu alitazamwa kwa jicho baya, ingawa hakuwa na kosa lo lote, na ingawa Waislamu pia walikuwa kati ya waliokufa minarani. Hofu hiyo ilisafiri pamoja na wasafiri. Wema wa mji hauondoi hofu ya kila moyo kwa siku moja.

Kuondoka

Anga ya Marekani ilianza kufunguliwa tarehe 13 Septemba. Ndege ziliondoka moja moja, na baada ya siku tano hivi Gander ulibaki tena na watu wake. Abiria wa ndege moja iliyotoka Frankfurt kwenda Atlanta, waliokuwa wamekaa Lewisporte, walipokuwa angani walichanga fedha ya kuwasomesha watoto wa kijiji kile. Mfuko huo haukufa. Kwa miaka iliyofuata ulipita dola milioni moja, na vijana wengi wamesoma kwa msaada wake. Mwaka wa 2002 kampuni ya Lufthansa iliipa ndege yake moja kubwa jina la Gander na Halifax. Tarehe 11 Septemba ya mwaka huohuo, Waziri Mkuu wa Kanada, Jean Chrétien, alifika Gander kuwashukuru wenyeji. Mwaka wa 2017 mchezo wa kuigiza juu ya habari hizi, uitwao Come From Away, ulianza kuonyeshwa Broadway, katika mji uleule wa New York uliopigwa. Jina lake ni neno la watu wa Newfoundland: ndivyo wanavyomwita mtu asiyezaliwa kwao.

Wema huo ulitoka wapi?

Wengine husema: watu wale ni wema kwa tabia, basi. Sisi tunafikiri kwamba jibu hilo halitoshi. Wema wa Gander una mizizi.

Mzizi wa kwanza ni bahari. Kwa karne nyingi watu wa kisiwa hicho wamewavuta wageni kutoka majini. Tarehe 18 Februari 1942 merikebu mbili za vita za Marekani, Truxtun na Pollux, zilivunjika juu ya miamba ya kisiwa katika dhoruba ya baridi. Mabaharia 203 walikufa, lakini 186 waliokolewa na wachimba madini na wavuvi, walioshuka miamba kwa kamba. Wake zao waliwaosha mafuta meusi na kuwapasha moto. Watoto waliosikia hadithi hiyo jikoni kwa bibi zao, hao ndio waliokuwa watu wazima mwaka wa 2001.

Mzizi wa pili ni shida. Kisiwa hicho hakikuwa tajiri. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ilikataza uvuvi wa samaki mkubwa aitwaye kodi, kwa sababu alikuwa karibu kwisha baharini. Watu 30,000 hivi walikosa kazi. Aliyeonja upungufu anajua mgeni anahitaji nini kabla mgeni hajasema.

Mzizi wa tatu ni utaratibu. Hili watu husahau upesi. Gander haukuwapokea wageni kwa machozi na nyimbo tu. Uliwapekua kwanza, ukaandika majina yao, ukahesabu vitanda, ukagawa mabasi, ukapanga zamu za kupika. Wenyeji waliogopa kama watu wote. Lakini hofu yao waliipa kazi yake mlangoni, wasiiache iingie mpaka mezani. Mgeni akiisha kupita mlango, alikuwa mgeni, si mshtakiwa. Tunaona kwamba hapo ndipo penye fundisho kubwa. Maana wako watu wanaosema: ama tufungue kwa upofu, ama tufunge kabisa. Watu wa Gander walionyesha njia ya tatu.

Wala msaada haukutoka kwa wenye magari na mashule peke yao. Mwezi wa Juni 2002, Wamasai wa kijiji cha Enoosaen, katika Kenya, waliwatolea watu wa Marekani ng'ombe 14. Kijana wa kijiji hicho, aliyekuwa akisoma Marekani, alikuwa New York siku ya msiba, akarudi kuwasimulia wazee. Kwa Mmasai ng'ombe ni uhai wake. Basi walitoa uhai wao kumfariji aliyefiwa, ingawa alikuwa na mali kuwapita mara nyingi.

Tuandike na ya kwetu

Baada ya siku ile vilifuata vita. Majeshi ya Marekani na rafiki zao yaliingia Afganistani mwezi wa Oktoba 2001, na askari wa mwisho wa Marekani waliondoka mwezi wa Agosti 2021. Vitabu juu ya vita hivyo vinajaza nyumba. Juu ya sufuria za Gander vimeandikwa vichache. Ndivyo historia inavyofanya mara nyingi: jina la muuaji linahifadhiwa, na jina la aliyepika linapotea pamoja na wajukuu wake.

Katika inchi yetu pia, ni nani asiyejua mwaka ambao watu walifika usiku na watoto mgongoni, na mtu fulani wa kijiji akawafungulia? Mtu huyo aligawa unga uliokuwa wa mwezi mzima. Labda bado yu hai, anakaa barazani pake, wala hakuna aliyemwuliza kitu. Ombi letu kwa wasomaji ni jepesi. Mtafuteni mzee huyo kabla ya mwaka huu kwisha. Mwulizeni wageni walikuwa wangapi, walilala wapi, walikula nini, na nani aliogopa. Andikeni majibu yake katika daftari na kuliweka pamoja na vitabu vya parokia. Siku ya shida ikirudi, na watoto wetu wakasikia hodi usiku, inafaa wawe wamekwisha kusoma jinsi babu zao walivyoitika.